Mkwe Aliyenifuata Nyuma kwa Baiskeli

Binti yangu alirudi nyumbani Gatitu siku ya Jumatatu na mtoto mgongoni, begi moja mkononi, na beseni la kuogeshea mtoto. Mwanamke akirudi kwao na beseni, mamake hana haja ya kuuliza mengi. Nilimpokea mtoto, nikateleka chai, nikangoja. Baada ya kikombe cha pili akasema, "Mum, mimi sirudi huko. Ati baiskeli iko na room na mtoto hana."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mumewe, kijana mpole wa Nanyuki anayetengeneza pampu za maji, alikuwa amenunua mtambo wa kufungia baiskeli ndani ya nyumba. Unapanda, unanyonga, huendi popote, lakini simu mbele yako inakuonyesha uko kwenye barabara za kisiwa fulani ambacho hakipo, pamoja na watu wengine wanaojitesa hivyo hivyo majumbani mwao. Mtambo ulitaka mahali penye hewa. Akausimamisha chumbani, dirishani, na kitanda cha mtoto kikasukumwa hadi koridoni, karibu na mlango wa choo. Binti yangu alivumilia kwa wiki mbili. Wiki ya tatu alimsimamia mbele akamwambia achague, naye akajibu, jasho likimtoka, "Ngoja nimalize hii mlima."

Mlima wa kwenye simu! Binti yangu alifunga begi kabla mlima haujaisha. Alipofika mlangoni mumewe akamalizia kuharibu: "Umeenda mwenyewe, utarudi mwenyewe."

Sasa, kwetu msichana harudi mwenyewe. Mume huja kumchukua akiwa na mzee wa kwao, wakibeba kitu mkononi. Hukaa, huulizwa, hukaripiwa kidogo, hunywa chai, kisha huondoka na mkewe. Kabla ya hapo mama wa msichana hufunga mdomo. Hawezi kumpigia mkwe simu, maana ni kama kumtembeza binti yake sokoni. Na hata bila ugomvi, heshima ya ukweni baina ya mwanamke na mume wa bintiye, ile tunayoiita thoni, ni nzito kuliko zote. Kwa miaka mitano sikuwahi kukaa kochi moja na kijana huyo. Akiongea nami hutazama kalenda ukutani. Siku moja nilimwona katika soko la Nyeri wakati nina mahindi ya kuchoma mdomoni, nikajificha nyuma ya lundo la kabichi mpaka akapita, na muuza kabichi akadhani namkimbia polisi.

Basi tulikaa tukimngoja aje. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Binti yangu alikuwa amemfungia simu kabisa. Mchana alijifanya hodari, lakini niliona jinsi alivyochungulia kila gari lililopunguza mwendo mbele ya geti letu. Nasema wazi kwamba niliogopa. Niliogopa wawili hawa wataachana kwa sababu ya chuma, na mimi nitakuwa nimekaa hapo na adabu zangu nikiwatazama.

Lakini nisijifanye malaika. Nilikuwa pia nikifurahia. Mume wangu alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, na kwa miaka hiyo mitatu nilikula ugali na redio. Sasa nyumba ilikuwa na kelele. Mtoto yule, kwa desturi yetu, alipewa jina la mama mzazi wa baba yake, kwa hiyo kila nilipomwogesha nilikuwa nikimwogesha mkwe mwenzangu, na nyuma ya masikio nilimsugua kwa bidii kidogo zaidi.

Wakati huo daktari wa kliniki alikuwa ameniambia presha yangu haitashuka kwa maombi peke yake, lazima nifanye mazoezi. Nilijaribu kutembea haraka barabarani asubuhi. Kila niliyekutana naye alinisimamisha kuuliza ni nani amekufa. Siku ya tatu nilikuwa nimesimamishwa mara nyingi hivi kwamba jasho halikupata nafasi ya kutoka. Ndipo nikaikumbuka baiskeli ya marehemu.

Ilikuwa blakimamba ya kweli, ile nyeusi ya zamani, breki za vyuma, tandiko la springi, haina gia hata moja. Tulipokuwa bado tunaishi Wamagana aliitumia kubeba maziwa kila asubuhi kuyapeleka kwenye kituo cha maziwa, madumu mawili kila upande. Tangu afe ilikuwa imesimama stoo kati ya majembe na gunia la makaa, hakuna aliyeigusa. Niliikokota hadi kwa fundi wa kuchomelea vyuma.

"Nataka uifunge isiende," nilimwambia.

Fundi aliitazama baiskeli, akanitazama mimi. "Mama, kwani imekukosea nini?"

Nilimweleza. Akakuna kichwa, lakini alikuwa fundi wa kweli. Kwa vyuma vya kitanda kibovu alitengeneza fremu iliyoinua gurudumu la nyuma, na chini ya tairi akaweka rola aliyoitoa kwenye mashine mbovu ya kukatia nyasi za ng'ombe. Nyuma akaweka skrubu kubwa. Ukiikaza, tairi hukandamiza rola na miguu inafanya kazi. Ukiilegeza, tairi inazunguka bure. "Usilegeze sana, mama," alinionya. "Itakudanganya uko na nguvu."

Simu nilipewa na binti yangu, ile yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Mumewe aliwahi kumwekea programu hiyo ya baiskeli ili waendeshe pamoja, akamnunulia na kidude kidogo, mfano wa kifungo cha koti, kinachofungwa katikati ya gurudumu kuiambia simu mwendo wako. Binti yangu aliendesha mara mbili, akalaani, akaacha. Kidude kilikuwa bado mfukoni mwa begi. "Iko ndani, bonyeza tu," aliniambia, akaendelea kukunja nepi. Bonyeza tu nikabonyeza. Sikujua kwamba kuingia kwa simu ya mtu ni kuingia na uso wake.

Stoo ilikuwa ndogo. Ili baiskeli ipate nafasi ilibidi nitoe kitu kimoja, na kitu kilichokuwa karibu ni beseni la mtoto, kwa kuwa stoo iko ubavuni mwa jiko na ndipo tulipokuwa tukimwogeshea kwenye joto. Nilikuwa nimelifikisha barazani binti yangu aliponiona.

"Mum! Hata wewe?"

Niliona haya, nikalipeleka jikoni, juu ya meza.

Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi na moja na nusu. Nilivaa suruali ya kubana ya binti yangu, ambayo hakuna kiumbe alipaswa kuniona nayo, na juu yake koti la marehemu na gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira, maana ilikuwa Julai na ukungu ulipita chini ya mlango. Simu niliisimamisha juu ya debe la unga. Nikaanza kunyonga. Na papo hapo nikamwona mwanamke kijana akiendesha kwenye kioo, kiuno chembamba, mgongo ulionyooka, akipita pwani ya bahari ya buluu. Alikuwa mimi. Nilipoacha aliacha, nilipokaza alikaza. Sijui kama niliwahi kupendeza hivyo hata siku ya harusi yangu.

Nilikuwa nimekwenda kama dakika kumi nikamwona mwanamume mwenye kofia ya rangi ya chungwa akija mbele yangu. Juu ya kichwa chake kulikuwa na jina, na jina lilikuwa la mkwe wangu. Alinipita. Kisha akageuza. Akaja akakaa nyuma yangu, karibu kabisa na gurudumu, na hakuondoka. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kwenye mchezo huo ukikaa nyuma ya mwenzako anakukinga na upepo. Lakini asubuhi ile nilijua jambo moja tu, kwamba mume wa binti yangu yuko nyuma yangu, anatazama mahali ambapo mkwe hatazami, nami nimevaa suruali.

Kidole gumba kikatokea kwenye kioo, cha kunipongeza. Nikatazama juu ya kichwa cha yule mwanamke mwembamba, nikaona jina la binti yangu.

Nilishuka mbio, nikajifunga leso kiunoni kana kwamba anaona.

Mwanamke mwenye akili angeishia hapo. Angekwenda jikoni, amwambie bintiye, wacheke, wafute programu. Mimi nililala na wazo hilo, na asubuhi nikaamka nimeliacha kitandani. Mkwe alikuwa akiningoja pale mwanzo wa barabara, mguu mmoja chini. Nilipofika akaja nyuma kama jana. Nikatafuta kile kidole gumba, nikakibonyeza nami.

Ndipo ujumbe ulipoanza. Wa kwanza ulipita juu ya kioo: "Mtoto ameota meno?"

Nilivaa miwani. "Mbili chini," nikaandika.

"Bado anakohoa usiku?"

"Aliacha."

"Unaendeshea wapi?"

"Kwa stoo."

Nilijiambia huu si uongo. Kila jibu lilikuwa kweli tupu, ila anayejibu ndiye hakuwa wa kweli. Na aliponiuliza, "Bado umekasirika?" sikujibu hapo hapo. Wakati wa chai nilimuuliza binti yangu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu, kama bado amemkasirikia mumewe. "Sana," akasema. Kesho yake nikapeleka: "Sana." Nikawa posta. Binti yangu akisema jikoni, mimi napeleka stoo. Siku nyingine aliniambia, bila kuulizwa, kwamba jambo lililomuuma si kitanda cha mtoto bali ile 'ngoja'. Nikapeleka hata hiyo. Kijana aliendesha kilomita nzima. Kisha akaandika, "Nisamehe."

Nilitokwa na machozi juu ya baiskeli, na jasho likayaficha.

Kisha akaandika kitu ambacho mama mkwe hapaswi kukisoma: "Kitanda ni kubwa sana bila wewe." Niliilaza simu kifudifudi juu ya debe nikatazama ukuta, uso umenichoma, na wakati huo wote miguu yangu ilikuwa bado inanyonga, kwa hiyo ndani ya simu yule mwanamke mwembamba aliendelea kuendesha kwa furaha, naye akimfuata nyuma. Sikumjibu hilo. Sikuongeza hata kidole gumba.

Siku ya Jumanne ukaja ujumbe niliokuwa nikiuombea. "Nikikuja na anko Jumamosi, utarudi?"

Hebu nieleze nilivyofanya, maana hapa ndipo siwezi kucheka. Ningepaswa kukimbia jikoni na simu. Jiko lilikuwa hatua nne. Nilifika mlangoni, simu mkononi. Binti yangu alikuwa akipasha maziwa, akiimba wimbo wa kanisa kwa kukosea maneno kama alivyokuwa akikosea akiwa mdogo. Mtoto alikuwa ndani ya beseni juu ya meza. Aliponiona alipiga maji kwa viganja vyote viwili na kunicheka kwa meno yake mawili. Nilisimama pale. Kisha nikaitia simu mfukoni mwa koti la marehemu nikauliza kama chai iko tayari.

Nilijipa sababu nyingi. Nikasema wacha ahangaike kidogo, si yeye alimwambia binti yangu angoje mlima. Nikasema kawia ufike. Jumamosi ile ilipita bila mtu kuja, kwa kuwa hakuna mwanamume anayetaka kwenda na mzee wake mahali asipojua kama atakataliwa.

Aliuliza tena, na tena. Nami, ili asiweze kuniuliza, nikaanza kumkimbia. Kwa nguvu zangu nisingemweza, lakini nilikumbuka skrubu. Niliilegeza robo. Lo! Pedali zikawa nyepesi, tairi likalia, na yule mwanamke kwenye kioo akachomoka kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha maziwa motoni. Nilimwacha mkwe wangu mbali. Niliwapita vijana wenye mapaja ya fahali. Kwenye ule mlima wenyewe, uliovunja ndoa, nilipanda huku nikipiga miayo. Programu ikanipa nembo yenye taji, ati mimi ndiye malkia wa mlima. Niseme ukweli, nembo hiyo niliipenda. Nilikuwa naifungua mchana kuitazama tu.

Siku ya Alhamisi ujumbe ulikuja kwa mtindo mwingine. "Ni nani huyo?"

Sikuelewa. Ukaja wa pili: "Wewe hata ngazi za nyumba ulikuwa unapanda ukipumzika. Ni nani ako na simu yako?" Na wa tatu: "Huyo ni mwanaume."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikaifunga simu.

Jumamosi, saa nne, mvua ya manyunyu, pikapu ikasimama kwenye geti. Mkwe wangu akashuka, na mjomba wake, mzee mwenye kofia na fimbo, ambaye kijana alikuwa amempitia mjini Chaka. Walibeba mkate, sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia, kabichi mbili na nusu gunia la viazi. Niliyajua haya baadaye: kijana alikuwa amekuja kumkamata mwanamume. Alikuwa na hasira ya kuvunja mlango. Lakini ukweni hauingii mikono mitupu, wala huendi peke yako, kwa hiyo hasira yote ile alipita nayo katika soko la Chaka, akaipanga kwenye foleni ya viazi, kisha akaipitisha kwa mjomba.

Majirani waliona viazi na mzee. Jirani wa ng'ambo alipiga vigelele kwenye ua: "Wamekuja kumchukua!" Nami nikaamini vivyo hivyo. Nikajua amekuja ijapokuwa sikumjibu. Moyo uliruka na kuanguka kwa wakati mmoja. Nilifunga kitambaa changu kizuri, nikamsukuma binti yangu chumbani anawe uso, nikaleta chai.

Mzee aliomba sala ndefu. Akanywa chai. Akasema, "Haya, kijana. Sema kile kimekuleta kwa hawa watu."

Kijana aliitazama kalenda. "Nataka kuona stoo," akasema.

Mjomba aligeuka taratibu. "Kuona nini?"

"Stoo."

Kabla sijapata neno alikuwa ameinuka. Mjomba akamfuata na fimbo, mimi nikamfuata mjomba, na binti yangu akatoka chumbani uso bado una maji. Mlango wa stoo ukafunguliwa. Blakimamba ilikuwa imesimama kwenye fremu yake, koti kubwa la kiume limetundikwa kwenye usukani, na chini yake gambuti mbili za kiume, zimetoka kuvaliwa asubuhi ile, bado zina alama za jasho.

Mkwe wangu aliinama akaokota gambuti moja. Hata hapo, kwa heshima, alielekeza swali lake kwenye ukuta. "Hii ni ya nani?"

"Ni za baba," binti yangu akasema. "Kwani nini?"

"Na mwenye anaendesha hii baiskeli kila asubuhi?"

"Si ni mum. Ako na presha."

Nilikuwa nikimtazama usoni, kwa mara ya kwanza katika miaka mitano. Niliona anarudi nyuma katika akili yake, ujumbe mmoja baada ya mwingine, meno, kikohozi, msamaha, mpaka akaufikia ule wa kitanda. Akairudisha gambuti chini polepole, kana kwamba ni yai, akajifunika uso kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nafikiria ni yeye," akaambia viganja vyake.

Ikanibidi niseme. Mbele ya mzee wa watu, katika stoo yangu, nilieleza kwamba kwa wiki tatu nimekuwa nikijifanya binti yangu, kwamba mkwe amekuwa akinifuata nyuma, na kwamba sikumzuia. Niliongeza na habari ya skrubu. Mzee alisikiliza, kidevu juu ya fimbo. Kisha akaketi kwenye gunia la makaa na suruali yake ya Jumapili akacheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka na kikohozi kikamshika.

"Nimekata kesi nyingi," akasema alipopata pumzi. "Za mashamba, za ng'ombe, za wake. Lakini ya mama mkwe kukimbizwa na mkwe kwa barabara yenye haiko, hiyo ni ya kwanza. Mtalipa mbuzi. Wewe mama moja, kwa kujifanya. Na wewe kijana moja, kwa kufuata nyuma. Tutazikula zote siku moja."

"Nimekubali," nikasema haraka, maana mbuzi ilikuwa nafuu.

Binti yangu hakuwa anacheka. Alinyoosha mkono. "Nipee hiyo simu."

Nilimpa. Aliisoma amesimama kando ya baiskeli, kuanzia mwanzo, kidole kikisukuma polepole. Nilimwona akitabasamu kwenye meno. Nilimwona akikaza midomo kwenye lile neno 'nisamehe', halafu akimtazama mumewe kwa pembe ya jicho, halafu akirudi kusoma. Kisha kidole kikasimama.

"Hii alikuuliza lini?"

Nilijua ni ipi. "Jumanne."

"Ya wiki gani?"

"Ya wiki jana."

Akahesabu. "Siku kumi na moja. Mum, yote ulijibu. Mpaka ya kukohoa ulijibu. Hii hukujibu."

"Halikuwa langu la kujibu," nikasema.

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo umesema kama mama." Hata mkwe wangu aliinama kidogo, kushukuru. Binti yangu peke yake ndiye aliyeendelea kunitazama. Kisha akamgeukia mumewe.

"Kitanda ya mtoto itakaa wapi?"

"Kwa dirisha."

"Na baiskeli?"

"Nje. Kwa balkoni."

"Kukinyesha?"

Ilikuwa kama kumuuliza mtu kuhusu mzazi wake. "Inyeshewe," kijana akasema.

Mzee akainuka kutoka kwenye makaa, akapangusa suruali, akauliza kama hakuna kitu cha kuongezea ile chai. Tulikaanga viazi vya Chaka, tukakata mkate, jirani wa ng'ambo akaja na maharagwe ili aone vizuri. Mkwe wangu alikula akiwa ameigeukia kalenda kabisa, mgongo kwangu, na nilimwelewa. Binti yangu alipakia vitu vyake haraka, akiimba. Mimi nilimbeba mtoto mpaka dakika ya mwisho na sikumsugua popote.

Kwenye geti mzee alikaa mbele, kijana akampokea mtoto. Binti yangu alikuwa ameshaweka mguu kwenye pikapu. Akashuka tena, akarudi kwangu, akasimama karibu ili wengine wasisikie.

"Mum, hukukosa kujibu ati kwa sababu si swali lako."

Nilitazama viatu vyangu.

"Ungeniambia tu ati ulitaka nikae."

"Ungekaa?" nikamuuliza.

"Singekaa," akasema. "Lakini ningejua."

Alinikumbatia shingoni kwa mikono miwili, kwa nguvu, akaniachilia, akapanda. Pikapu ikaondoka kwenye manyunyu. Nilisimama pale getini nikirudia maneno ambayo ningemwambia siku ile ya Jumanne, na yalikuwa maneno mafupi tu, ya mtu kusema akiwa amesimama mlangoni.